Kiazi cha Mwakani

Katika vichwa vya mabonde ya Umatengo, mahali ambapo vijito bado havijapata kingo wala jina, huonekana vipande vya nyasi ambavyo masika huvilowesha na kiangazi huvikausha, visivyo na miti kwa sababu mizizi ya miti mingi haivumilii kuzama majini kwa miezi kadhaa, na visivyo na mazao wala nyumba za kumfanya mpita njia asimame kuvitazama. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika Malawi na Zambia, bonde la aina hiyo huitwa dambo, na wataalamu wa udongo na maji wamelichukua jina hilo hadi vitabuni mwao kwa maana ya bonde pana, la kina kifupi, linalohifadhi maji ya mvua chini ya nyasi na kuyaachia kidogo kidogo. Mbinga, wilaya ya Umatengo, ni nchi ya vichwa vya mito. Mto Ruvuma hupokea maji ya nyanda hizi ukaelekea mashariki hadi Bahari ya Hindi, ilhali maji ya miteremko ya magharibi na kaskazini, yakiwamo yale yanayobebwa na Mto Ruhuhu unaomwagika karibu na Lituhi, huingia Ziwa Nyasa, yakatoka kwa Mto Shire na kujiunga na Zambezi, hivi kwamba matone mawili yaliyoanguka pande mbili za kilima kimoja hufika katika bahari ileile kwa njia zilizoachana mamia ya kilometa.

Ni katika nyasi hizo ndimo humea okidi za ardhini, kundi la maua-pori ambalo, kwa uzuri wake na kwa matumizi yake, limeandikwa na kuzungumzwa zaidi kuliko ardhi inayolilea. Okidi ni familia ya mimea yenye spishi zinazokadiriwa kufika 28,000 duniani, na watu wengi wanapolisikia jina hilo hufikiria zile zinazoota juu ya magome ya miti, kama Ansellia africana, yenye maua ya manjano yaliyojaa madoa ya kahawia, ambayo mikungu yake huonekana hata katika misitu ya joto ya nchi za chini. Zile za nyanda za juu ni za tabia nyingine. Hazikai mitini, hazina majani mwaka mzima, na kwa zaidi ya nusu ya mwaka hakuna kitu juu ya ardhi kinachoonyesha kwamba zipo. Jenasi tatu, yaani makundi ya spishi zilizo na udugu wa karibu, ndizo zinazotajwa zaidi kila zinapojadiliwa: Disa, Habenaria na Satyrium. Tafakari hii inaegemea spishi moja ya jenasi ya mwisho, Satyrium buchananii, ambayo hupatikana katika nyasi zenye maji za kusini mwa Tanzania, Malawi, Zambia na nchi nyingine za ukanda huo.

Mmea huu hutoa shina moja lililonyooka, ambalo huweza kufika nusu meta au kuzidi, na juu yake hubeba shuke la maua meupe, yenye harufu nzito, yaliyosongamana kuzunguka shina. Katika okidi nyingi, chipukizi la ua hujipinda nusu mzunguko kabla ya kufunguka, ili petali ya pekee inayoitwa mdomo ikae chini na kuwa jukwaa la mdudu kutua. Satyrium haifanyi hivyo, bali mdomo wake hubaki juu, ukajikunja kuwa kofia yenye mlango mdogo, na nyuma ya kofia hiyo hushuka mirija miwili myembamba, iliyolala sambamba na ovari, ambamo mbochi hukusanyika. Okidi zenye mrija mmoja ni nyingi. Mirija miwili kutoka mdomo mmoja ni alama ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huweza kuitumia kuitambua jenasi hii porini bila kufungua kitabu. Ndani ya kofia, chavua haikai kama unga unaopeperuka, bali imefungwa katika vibunda viwili, kila kimoja kikiwa na kikonyo na kidole cha gundi, na mdudu anayeingiza ulimi wake mrijani hutoka na kibunda kimegandama kichwani au ulimini, akakipeleka katika ua jingine.

Weupe, harufu na urefu wa mirija kwa kawaida ni dalili za ua linalowategemea nondo, wale wadudu wa usiku walio ndugu wa vipepeo. Charles Darwin aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili mnamo 1862, na humo alibashiri kwamba okidi moja ya Madagaska yenye mrija wa kupita kiasi ni lazima iwe na nondo mwenye ulimi wa urefu unaolingana nao. Nondo huyo, wa jenasi ya Xanthopan ambayo huishi pia barani Afrika, alielezwa kutoka Madagaska mnamo 1903, miaka ishirini na moja baada ya kifo cha Darwin. Kisa hicho husimuliwa mara nyingi mno, na ubaya wake ni kwamba humwacha msomaji akidhani uhusiano wa ua na nondo ndio sehemu ngumu ya maisha ya okidi. Sehemu ngumu iko chini.

Ua likishachavushwa, ovari hukauka na kuwa kibweta chenye maelfu ya mbegu zilizo ndogo kama vumbi, ambazo upepo huzichukua bila shida kwa sababu hazina uzito, na hazina uzito kwa sababu hazina chakula. Mbegu ya harage hubeba ndani yake akiba ya kuulea mche hadi majani yafunguke. Mbegu ya okidi haibebi chochote, na ikiangukia udongo ambao hauna kuvu wa aina inayofaa, hufa. Kuvu huyo huingia ndani ya seli za kiinitete, nao mmea humnyonya, ukapata sukari na madini ambayo bado hauwezi kujitengenezea au kujichotea. Aliyeligundua hili ni Mfaransa Noël Bernard, ambaye mnamo 1899, katika msitu wa Fontainebleau, alikuta mbegu za okidi ya huko zimechipua chini ya majani makavu na zote zikiwa zimeingiwa na nyuzi za kuvu. Kabla ya hapo watunza bustani wa Ulaya walikuwa wakipoteza mbegu kwa mamilioni pasipo kujua sababu. Katika hatua hiyo mmea ni kidonge cheupe kisicho na jani, kinachoishi gizani, na huweza kukaa hivyo kwa muda mrefu kabla ya kusukuma jani lake la kwanza juu. Kwa hiyo anayesema kwamba okidi fulani inaota mahali fulani anasema pia, ajue asijue, kwamba kuvu fulani anaishi mahali hapo, na kwamba udongo huo haujapinduliwa kiasi cha kukata nyuzi zake.

Mmea ukishakomaa, maisha yake huendeshwa na viazi viwili. Mvua zinapoanza, kati ya Novemba na Desemba, kiazi kilichotengenezwa msimu uliopita huchipua na kutoa shina, majani na hatimaye maua, na kadiri kinavyotoa ndivyo kinavyonywea, ngozi ikakunjamana na kugeuka kahawia. Wakati huohuo, pembeni yake, mmea huanza kutengeneza kiazi kingine, cheupe, kigumu, kinachonenepa kutokana na kazi ya majani ya mwaka huo. Shuke linapofikia upeo wa uzuri wake, chini ya ardhi kuna viazi viwili vilivyoshikana, kimoja kinachokwisha na kimoja kinachojaa. Majani hunyauka mvua zinapokatika, kile cha zamani huoza, na kile kipya hulala peke yake udongoni hadi mvua za mwaka unaofuata. Hakuna kiazi kinachotoa maua katika misimu miwili. Mmea mmoja huweza kudumu miaka mingi, lakini kila mwaka unasimama juu ya akiba mpya na kuifuta ya zamani.

Mpangilio huo ndio unaofanya uchimbaji wa okidi uwe tofauti na uchumaji wa mboga nyingine za porini. Anayechuma majani ya mchicha-pori huuacha mzizi, na anayeokota uyoga huuacha mtandao wa kuvu ardhini. Anayechimba okidi anakitaka kile kiazi kigumu, kwa kuwa kile kilichonywea hakina kitu ndani yake, na humtambua mwenye kiazi kwa majani au kwa maua, maana yake ni kwamba huchimba wakati shina lingali limesimama na vibweta vya mbegu havijapasuka. Ni kama mkulima aliyeyateremsha mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya jiko na kuyasaga katikati ya msimu wa kupanda. Mmea haubakiwi na kiazi cha kuchipua mwakani, wala na mbegu za kurithi mahali pake.

Kinachotafutwa katika kiazi hicho ni glukomanani, aina ya wanga-nyuzi ambayo ikichanganywa na maji ya moto huvimba na kuganda. Uturuki na nchi za Kiarabu hukitumia kiazi cha okidi za kwao kutengeneza sahlab, kinywaji kizito cha maziwa. Nchini Zambia, hasa kwa Wabemba na siku hizi katika miji yote, kiazi hukaushwa, hutwangwa na kupikwa pamoja na karanga zilizotwangwa, magadi, chumvi na pilipili, hadi mchanganyiko ushikane na kuwa mgumu wa kukatwa vipande kama mkate. Chakula hicho huitwa chikanda, na katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania kiazi chenyewe hujulikana kwa jina la kikanda. Kwa karne nyingi kilikuwa chakula cha vijijini, cha sherehe na cha kuongeza ladha ya ugali. Miji ilipokua na chikanda ikahamia masokoni na mezani pa hoteli, nyasi za Zambia zilichimbwa zikapungukiwa, na wafanyabiashara wakavuka mipaka kutafuta mzigo. Tanzania ilifikiwa kupitia Tunduma, mji wa mpakani. Mnamo 2003 mtafiti Tim Davenport, pamoja na Henry Ndangalasi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha makadirio kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vya kutoka Tanzania vilikuwa vikiliwa Zambia kila mwaka, na kwamba spishi zipatazo 85 zilikuwa hatarini. Milioni hizo ni mimea mizima, kwa sababu ambayo imekwisha elezwa: kiazi kimoja, mmea mmoja.

Mshtuko wa takwimu hizo ulisaidia kuharakisha uundwaji wa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa rasmi mnamo 2005 kwenye uwanda ulio kaskazini, kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, uwanda ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu na ambao una spishi 45 za okidi. Ilikuwa hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika ya kitropiki kuundwa hasa kwa ajili ya maua, na hilo ni jambo la kujivunia pasipo kusita. Lakini hifadhi moja huchora mstari, na mstari una upande wa nje. Umatengo uko nje. Safu ileile ya Livingstone inayoanzia karibu na Kitulo hufuata ufuko wa ziwa kuelekea kusini hadi inapokutana na nyanda za Mbinga, na nyasi za huku, ambazo kwa mmea hazina tofauti ya msingi na za kule, hazina geti, askari wala kibao chenye picha ya ua.

Uchimbaji wa kikanda, hata hivyo, ni rahisi kuulaumu kuliko kuuelewa. Mnamo 2009 ulichapishwa utafiti kutoka Makete uliowachunguza wachimbaji wa kaya zilizoathiriwa na UKIMWI kwa kuwalinganisha na wa kaya nyingine, katika wilaya ambayo ugonjwa huo ulikuwa umeacha yatima na wazee wengi bila nguvu ya kulima. Kwa kaya kama hizo, kiazi kisichohitaji mbegu, mbolea wala palizi, na ambacho mnunuzi hukifuata kijijini, ni fedha ya daftari la shule au ya unga wa wiki. Okidi zote ziko chini ya Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na kuzivusha mpakani bila kibali ni kosa. Sheria hiyo inafaa, ila inamkuta mtu wa mwisho katika mnyororo, yule wa Tunduma mwenye gunia, na haina neno la kumwambia yule wa kwanza mwenye jembe.

Kuna na jambo la majina. Satyrium buchananii imebeba jina la John Buchanan, Mskoti aliyefika Blantyre mnamo 1876 akiwa mtunza bustani wa misheni, aliyekusanya mimea ya nyanda za Shire na kuipeleka Uingereza, na ambaye pia alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kilimo cha kahawa katika nchi ambayo sasa ni Malawi. Habenaria walleri na Disa walleri zimebeba jina la Horace Waller, aliyekuja na misheni ya Kianglikana ya UMCA katika nyanda hizohizo mwanzoni mwa miaka ya 1860 na baadaye akahariri shajara za mwisho za David Livingstone. UMCA ndiyo iliyokuja kujenga kituo Liuli, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, na jengo la kanisa na la hospitali huko ni sehemu ya urithi wake. Mnamo 1955 na 1956 Edgar Milne-Redhead na Peter Taylor wa bustani ya Kew walifanya safari kubwa ya kukusanya mimea katika iliyokuwa Wilaya ya Songea, ambayo wakati huo ilijumuisha Umatengo na ufuko wa ziwa, na karatasi zao za mimea iliyokaushwa zimekuwa msingi wa sehemu kubwa ya kile kinachojulikana kisayansi kuhusu uoto wa huku. Karatasi hizo zina maua. Ilikuwa lazima ziwe nayo, kwa kuwa uainishaji wa okidi, hata katika juzuu la V. S. Summerhayes la 1968 kuhusu okidi za Afrika Mashariki, hujengwa juu ya umbo la mdomo, mrija na vibunda vya chavua. Kiazi kilichotenganishwa na ua hakina jina katika vitabu hivyo.

Matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha kidogo. Wachimbaji wanaoweza kuutofautisha mmea kwa jani lake kabla haujatoa ua walikuwa na ujuzi ambao wakaguzi wa mpakani hawakuwa nao, na wanasayansi waliotaka kujua ni spishi zipi hasa zinazoliwa walilazimika kupima DNA ya chikanda yenyewe, iliyokwisha twangwa na kupikwa. Uchunguzi wa Sarina Veldman na wenzake, uliochapishwa mnamo 2017, ulikuta spishi kadhaa zimechanganyika ndani ya chakula kimoja, zikiwamo za Disa, Platycoryne na Satyrium. Elimu ya ua na elimu ya kiazi zimeishi mbali kwa zaidi ya karne, moja ikiandikwa na nyingine ikisimuliwa, na zilipokutana zilikutana maabara.

Kwa Mbinga, lakini, hatari kubwa zaidi huenda si jembe la mchimbaji bali ni fikra ya kwamba nyasi ni ardhi iliyobaki. Fikra hiyo ina mizizi ya kitaalamu. Kwa muda mrefu wataalamu wa misitu walifundisha kwamba nyasi za nyanda za juu ni makovu ya misitu iliyokatwa na kuchomwa, na kwamba ardhi ikiachwa itarudi kuwa msitu. Katika baadhi ya miteremko ya Umatengo hilo ni kweli. Lakini mmea unaolala chini ya ardhi kiangazi kizima, ukiuacha moto wa Septemba upite juu yake bila kuuhisi, haukuzaliwa na ukataji wa karne moja. Mnamo 1976 mtaalamu wa mimea Frank White aliandika kuhusu kile alichokiita misitu ya chini ya ardhi ya Afrika, mimea ya nyasi ambayo mbao zake na akiba zake ziko udongoni na ambayo huonyesha juu sehemu ndogo tu ya mwili wake, na hoja yake ilielekea kwenye historia ndefu ya moto, mvua za msimu mmoja na udongo maskini. Ziwa lenyewe limeweka kumbukumbu. Mnamo 2005 wanasayansi walitoboa tope la chini ya Ziwa Nyasa na kutoa nguzo za matabaka yenye umri wa mamia ya maelfu ya miaka, na humo walisoma vipindi vya ukame mkali, kati ya takriban miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, ambapo maji ya ziwa yalishuka kwa mamia ya meta. Utafiti mwingine uliochapishwa mnamo 2021, uliounganisha tope hilo na zana za mawe za upande wa Karonga, nchini Malawi, ulipendekeza kwamba takriban miaka 85,000 iliyopita watu walikuwa tayari wanabadilisha uoto wa kandokando ya ziwa kwa moto. Chavua ya nyasi na chembe za mkaa zimo katika tope hilo. Chavua ya okidi mtu hawezi kuitarajia humo, kwa kuwa haipeperuki, bali husafiri ikiwa imegandama kwa mdudu. Mmea uliokuwapo katika nyasi hizo haukuwa na njia ya kutia saini.

Mmatengo wa jadi, kwa upande wake, hakuziona nyasi kuwa takataka. Kilimo cha ngoro, ambacho A. H. Pike alikieleza katika jarida la Tanganyika Notes and Records mnamo 1938 na ambacho bado kinaonekana kwenye miteremko ya Litembo na kwingineko, huanza na nyasi: wanaume hufyeka, nyasi hulazwa kwa mistari inayokatana na kufanya miraba, kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya mistari hiyo, ili mashimo yanayobaki yazuie maji yasibebe udongo, na matuta yaliyozikwa nyasi yabebe maharage na baadaye mahindi. Bila nyasi ndefu hakuna ngoro, na kwa sababu hiyo shamba hupumzishwa hadi nyasi zirudi. Mfumo huu ulisukwa na watu waliosongamana mlimani katika karne ya kumi na tisa wakikwepa uvamizi wa Wangoni, na uliiacha dambo mahali pake kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa ngoro ni elimu ya miteremko. Kahawa, iliyoingia katika miaka ya 1920, ilichukua miteremko ya karibu na nyumba. Chakula kikasogea mbali. Na idadi ya watu ilipoongezeka na mapumziko ya mashamba yakafupishwa, macho yaligeukia bondeni, ambako unyevu wa kiangazi huruhusu kupanda mboga na mahindi mabichi ya kuuza. Mfereji mmoja wa kukausha dambo hufanya katika msimu mmoja kazi ambayo wachimba kikanda wangeifanya kwa miaka, maana hauuondoi mmea peke yake, bali huuondoa pamoja na kuvu wake.

Sheria nayo ina lugha yake kuhusu ardhi ya aina hii. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999, inapofafanua ardhi ya jumla, inaijumuisha humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika, na kwa macho ya anayepima matumizi kwa mazao na majengo, dambo ni mfano kamili wa maneno hayo mawili. Kinga ambayo okidi za Mbinga zimeipata haikutungwa kwa ajili yake. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mito, maziwa na vyanzo vingine vya maji, na katika vijiji ambavyo kifungu hicho kinafuatwa, okidi ya vichwa vya mabonde hulindwa pamoja na maji, kama mgeni aliyeingia kwenye karamu kwa kufuatana na mwaliko wa jirani.

Ugumu unakuja siku ya kuzinyoosha hizo meta 60. Mto una kingo, ziwa lina ufuko, lakini dambo haina ukingo mmoja: mnamo Septemba maji yake huwa yamejikusanya katika utepe mwembamba katikati ya bonde, wakati mwingine chini ya nyasi kabisa, na mnamo Februari huwa yametanda hadi mguuni mwa kilima. Anayeanza kupima kiangazi hupata eneo la hifadhi lililo tofauti kabisa na la yule anayeanza masika, na mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji kwa kawaida huchorwa barabara zinapopitika, yaani kiangazi. Satyrium buchananii haimei ndani ya ule utepe wa Septemba, wala haimei mlimani. Inamea katika nafasi iliyo kati ya ukingo wa kiangazi na ukingo wa masika, na wakati wapimaji wanapopita huwa haina shina, jani wala ua, ila kiazi kimoja cheupe kilicholala futi chache kutoka kwenye kigingi.